Marufaa ya mama: shajara ya kujifunza kuchonga

Jumamosi, 10 Agosti

Shule zimefungwa, na leo nimeanza. Karakana iko kichochoroni nyuma ya njia kuu ya mji wa Lamu. Uchochoro wenyewe ni mwembamba, na punda akija na mzigo wa mchanga inabidi mlango uvutwe ndani apite. Fundi ni mzee wa makamo ya babu yangu, mchonga milango na masanduku, na ana wanagenzi wawili wa miaka kumi na sita hivi. Hataki ada. Amesema niwasaidie vijana wake hesabu za sehemu, maana hawawezi kugawa ubao wa inchi saba mara tano bila kugombana.

Nimemweleza ninachotaka: kumchongea mama marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu, kabla Ramadhani haijaingia. Ile ya plastiki aliyonayo imepasuka mguu, na ameifunga kwa uzi wa kuvulia. Mzee akaniuliza, "Umewahi kushika patasi, Mwalimu?" Nikamwambia sijawahi. Akanikabidhi jiwe la kunolea.

Basi nimenoa tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri: patasi bapa tatu na bobari moja, yaani patasi ya makali ya mviringo. Kwanza unalaza mgongo wa patasi juu ya jiwe mpaka ung'ae wote. Kisha unageuza upande wa makali, unatafuta ule mlalo wake kwa vidole, unasukuma, unarudisha. Ukiinua kiwiko kidogo tu, makali yanakuwa mviringo na kazi yote imepotea. Kupima ukali, mzee hatumii kucha wala nywele za mkono. Anakata kichwa cha kipande cha mwembe, pale nyuzi za mti zinapokutazama kama matundu ya sindano. Penye kukatwa pakiwa laini na pang'ae, patasi ni kali. Pakiwa pamefifia kama chaki, rudi kwenye jiwe.

Nimerudi kwenye jiwe mara saba. Sikuchonga chochote.

Jumamosi, 24 Agosti

Mistari. Mwembe ni mti mzuri wa mwanafunzi, haudai nguvu nyingi na ni rahisi kupatikana. Nimepewa kipande cha futi moja, nikapiga mistari kwa penseli, kisha nikaichonga mmoja mmoja kwa mikato miwili ya mshazari inayokutana chini. Kibanzi kikitoka kizima, chembamba kama ganda la kitunguu, umepatia. Kikikatika katikati, ama mikato haikukutana ama umekwenda kinyume cha uzi.

Nilidhani kazi iko mkono wa kulia, ule unaoshika mpini. Kumbe iko kushoto. Vidole viwili vya kushoto vinakaa juu ya bapa la patasi karibu kabisa na makali, na hivyo ndivyo vinavyoamua patasi isimame wapi. Mkono wa kulia unasukuma tu.

Jambo lingine ni sauti. Patasi ikienda na uzi wa mti inatoa mlio laini, kama karatasi inayokatwa kwa mkasi. Ikianza kupinga uzi, mlio unakuwa mzito wa kukwaruza, na hapo bado hujaona kitu kwa macho. Ukisimama papo hapo, ubao umepona. Ukiendelea hata kwa unywele mmoja, mti unang'oka kipande. Ndiyo maana humu ndani hakuna redio. Wiki ya kwanza nilifikiri ni ukali wa mzee tu.

Mistari 40. Mizuri 11.

Jumamosi, 21 Septemba

Mwezi wote nimekuwa kwenye waridi, na nitaliandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii kweli.

Waridi la nakshi linaanza na bikari. Unachora duara, kisha bila kubadili upana wa bikari unaisimika kwenye mzingo na kuzungusha upinde, unahamia pale upinde ulipokata mzingo, unazungusha tena. Ukifika mara ya sita umerudi ulipoanzia, na ndani ya duara kuna petali sita. Nimewafundisha watoto jambo hili ubaoni kwa miaka tisa, kwamba nusu kipenyo huingia mara sita kwenye mzingo, na hutoa pembesita. Sikuwahi kulishika kwa mkono. Mwanagenzi mdogo anayechukia hesabu alichora waridi lake huku akitazama nje, na ncha ya bikari ikaangukia kwenye tundu lake la mwanzo bila kukosa.

Kisha unachonga. Katikati ya kila petali kuna mstari ambao ndio bonde lake. Unaukata kwanza, wima, kwa kina cha ukucha. Halafu unalaza patasi kutoka ukingoni kuelekea bondeni, upande mmoja, kisha mwingine. Taabu ni kwamba petali sita zinatazama pande sita, ila uzi wa mti unakwenda upande mmoja tu. Petali mbili unakwenda na uzi vizuri. Nne zilizobaki kila moja ina upande unaokubali na upande unaokataa, na lazima ugeuze ubao, au ugeuke wewe. Mzee hugeuka yeye. Ubao wake umebanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, naye anauzunguka kwa hatua ndogo ndogo, hana haraka, na kila anaposimama anapitisha kidole gumba juu ya ubao kabla ya kuweka patasi.

Nilimuuliza, "Unatafuta nini, Mzee?"

"Namuuliza."

Sikumwelewa siku ile. Leo nimepitisha kidole gumba juu ya petali ya nne na nimehisi upande mmoja ukiteleza na mwingine ukishika ngozi, kama kumpapasa paka kwa kurudi nyuma. Nikageuka.

Saa mbili za waridi moja. Sikuitazama simu hata mara moja, na sikujizuia, haikunijia akilini. Kichwa changu mwaka huu kimekuwa kama darasa mwalimu akitoka, kila wazo linapiga kelele. Nikiwa na patasi mkononi kelele zinakaa chini zenyewe. Mti hauna nafasi ya wazo la pili.

Jumamosi, 28 Septemba

Mji umejaa wageni wa Maulidi, karakana imefungwa. Badala ya kuchonga nimetembea nikitazama milango, kuanzia Mkomani kushuka Langoni. Nimeishi hapa miaka minne na nilikuwa nikipita tu. Leo nimetazama miimo, vizingiti vya juu na mfaa, ule mti wa katikati unaozibana mbao mbili. Kwenye mlango mmoja wa kale, waridi la tatu kutoka juu lina petali moja fupi kuliko wenzake. Fundi aliteleza, akalirekebisha, akaendelea. Nimesimama pale muda mrefu.

Mzee alinisimulia habari za Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945: mtu wa Lamu aliyekuwa mtunzi wa mashairi, mnakili wa tendi kwa hati ya Kiarabu, mwanamuziki, na pia mchonga milango. Mkono uleule ulioshika kalamu ya mwanzi ndio ulioshika patasi. Kwa mzee hilo si ajabu. Anasema hati nzuri na nakshi nzuri zote zinaanza kwa kujua pa kuinua mkono.

Jumamosi, 9 Novemba

Kidole gumba cha kushoto kimekatika wiki iliyopita, si sana, nyuzi mbili za hospitali. Chanzo ni patasi butu: ilikataa kuingia, nikaisukuma kwa nguvu, ikateleza. Patasi kali haihitaji nguvu, kwa hiyo hata ikiteleza haiendi mbali. Mzee hakunipa pole mpaka alipokwisha kuikagua patasi. Alipoona makali yake, akaninyoshea jiwe.

Leo kunoa tu. Mara mbili kwenye jiwe la kukwaruza, mara ishirini kwenye jiwe laini, kisha kwenye ukanda wa ngozi.

Jumamosi, 30 Novemba, Changamwe

Niko nyumbani kwa mama, Mombasa. Mbao ninazozifuata ziko chini ya kitanda cha chumba cha nyuma: mbili za mwarobaini, kutoka mti uliokuwa uani. Ulikatwa mwaka jana ukuta ulipojengwa. Mama alikuwa akiketi chini yake kila alasiri akichambua mchicha, na sisi sote tulinyweshwa majani yake tulipougua malaria. Gogo lilipasuliwa, na nilipanga mbao zilalie vijiti ili hewa ipite juu na chini. Zimekauka kwa miezi 14. Moja imepinda kama jani, lakini inaweza kupigwa randa. Rangi imekuwa nyekundu ya kahawia.

Nimekulia sauti ya kuchonga bila kujua. Hapa Changamwe, njia ya kwenda Port Reitz, wako Wakamba wa ushirika wa wachongaji ulioanzishwa mwaka 1963. Utotoni tulipita pale tukitoka shule: wanaume wameketi chini kwenye vibanda, gogo limebanwa kwa nyayo, tezo inapanda na kushuka karibu na vidole vya miguu. Ufundi huo Wakamba husema ulianza na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi nao kijijini. Nimekwenda tena jana. Nimenunua twiga mdogo, nimekaa nikatazama.

Mzee mmoja pale alinishikisha kipande cha muhugu na kipande cha mwarobaini nivilinganishe. Muhugu ni mzito, nyuzi zake ni laini, unanukia. Ndio ulikuwa mti wao, pamoja na mpingo, mpaka misitu ikaisha. Muhugu unakua polepole mno kuliko mahitaji ya soko la vinyago. Tangu miaka ya 1990 wamehimizwa wahamie kwenye miti inayopandwa, na mwarobaini uko kila ua pwani hii. Wanaulalamikia: nyuzi zake zimesukana, hii inakwenda kulia na ya chini yake kushoto, na ukichongwa ungali mbichi unapasuka. Lakini wanauchonga. Naona hiyo ni heshima kwa msitu iliyo kubwa kuliko mabango yote niliyowahi kuyasoma.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimerudi Lamu na mbao mbili. Sasa marufaa yenyewe. Naeleza namna inavyotengenezwa, maana kabla sijaonyeshwa nilidhani ni mbao mbili zilizounganishwa.

Ni ubao mmoja. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna bawaba ya chuma. Wangu una urefu wa inchi 18, upana 7, unene inchi moja na robo. Inchi saba kutoka chini unachora ukanda unaokatiza ubao, upana wake sawa na unene wa ubao. Ukanda huo unaugawa vidole vitano. Sehemu ya juu ya ubao utaipasua kwa unene wake, kama unavyopasua mkate, mpaka kwenye ukanda. Sehemu ya chini vilevile. Sasa una kurasa mbili juu na miguu miwili chini, na vyote vinashikwa na vile vidole vitano.

Siri iko kwenye vidole. Kidole cha 1, 3 na 5 vinashika ukurasa wa mbele wa juu na mguu wa nyuma wa chini. Cha 2 na cha 4 vinashika ukurasa wa nyuma na mguu wa mbele. Kwa hiyo mbao zinapishana katikati kama vidole vya mikono iliyofumbatana, na ukizivuta zinafunguka, lakini haziachani kamwe. Ili iwe hivyo, uso wa mbele unakata ukingo wa chini wa kidole cha 1, 3 na 5, na ukingo wa juu wa cha 2 na cha 4, mshazari hadi katikati ya unene. Ukigeuza ubao, kinyume chake.

Wanagenzi wananiambia hii ndiyo kazi wanayoiogopa zaidi ya mlango.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimeharibu ubao wa kwanza.

Uso wa mbele ulitoka vizuri. Nilitaka kumaliza uso wa nyuma kabla ya magharibi, mashua ilikuwa inaningoja gatini nivuke hadi Mokowe, upande wa bara. Nikaugeuza ubao. Lakini sikuugeuza kwa ubavu, niliupindua kichwa chini miguu juu, ile ya juu ikawa ya chini. Nikakata vidole viwili kwa uangalifu wote, kila mkato safi, kila kibanzi kizima. Nilipoinua kichwa nikaona kwamba kidole cha 1 na cha 3 vimekatwa chini mbele na chini nyuma. Vinashika juu peke yake. Chini havina kitu.

Sikulia, lakini nilikaa. Mti wa mama, na ulikuwa ubao ulionyooka. Mzee alikuja akautazama, akavigusa vidole viwili vile, akasema, "Mikato mizuri." Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaubana ubao wima kwenye jiliwa, akanipa msumeno. Niupasue hivyo hivyo. "Huu umekwisha kuharibika, haukutishi. Jifunze kupasua."

Nimepasua. Inchi karibu kumi kwenda chini kwa katikati ya unene, msumeno ukipotoka upande wa pili ambao huuoni. Kila misukumo kumi unageuza ubao utazame nyuma. Umepotoka robo inchi. Kama ungekuwa ubao mzima, ningekuwa nimeuharibu mara ya pili.

Mashua iliondoka bila mimi. Nimempigia mama simu, nikamweleza. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akauliza kama nimekula.

Jumamosi, 11 Januari

Ubao wa pili, ule uliopinda. Kaskazi inavuma, karakana imejaa vumbi na joto. Siku tatu za randa kuunyoosha, umepungua unene hadi inchi moja tu. Vidole vitakuwa vyembamba.

Nimeandika kwa penseli kwenye kila uso: JUU, CHINI, MBELE, NYUMA. Mzee haandiki, ila amepita akasoma herufi zangu kubwa, na kesho yake nimekuta mwanagenzi mkubwa naye ameandika juu ya ubao wake.

Kidole kimoja kwa siku. Nimejiwekea sharti hilo. Natoka shule, nafika saa kumi na nusu, nanoa, nachonga kidole kimoja, napangusa, naondoka. Siku nyingine dakika arobaini zinatosha na kuna mwanga bado, na mkono unataka kuendelea. Nauzuia. Niligundua kwenye ubao wa kwanza kwamba makosa yangu yote yako baada ya saa ya kwanza, wakati mkono umeshazoea na jicho limeacha kuuliza.

Jumamosi, 8 Februari

Imefunguka.

Waridi moja kila ukurasa, mistari miwili ya mnyororo pembeni, miguu imekatwa upinde mdogo chini. Vidole vimetenganishwa kwa msumeno mwembamba uliopitishwa kwenye matundu ya keekee. Jana nilipasua juu. Leo nimepasua chini, na nilipobakiza kiasi cha unene wa sarafu nikasikia mlio wa msumeno ukibadilika, ukawa mtupu, kama unapogonga nazi iliyokomaa. Nikasimama. Mzee akasikia pia kutoka upande wa pili wa chumba, akaweka chini nyundo yake ya mti.

Misukumo mitatu tena. Nikautoa kwenye jiliwa. Ubao ulikuwa bado ubao, umefunga kimya, ungeupita ukidhani ni rafu. Nikaushika kwa mikono miwili, nikavuta. Haukukubali. Mzee akasema, "Usivute. Pindua kama kitabu." Nikapindua, vidole vikalia mara moja, kikatoka kibanzi kidogo cha kidole cha 2, na kurasa mbili zikasimama wazi. Ndani yake, ambamo hakuna jicho lililowahi kuona, mwarobaini ulikuwa mwekundu zaidi ya nje, bado una harufu ile ya uani.

Vijana waliacha kazi wakaja. Mmoja alihesabu vidole kwa sauti.

Jumamosi, 22 Februari, Changamwe

Msasa nimetumia kwenye kurasa tu. Nakshi hazikuguswa, makali ya patasi ndiyo yaliyoacha mng'ao wake. Nikapaka mafuta ya kitani, nikasubiri siku tano, kisha nta ya nyuki.

Mama ameifungua na kuifunga pengine mara kumi akitafuta msumari. Akavaa miwani, akatafuta tena. Nikamwonyesha vidole vinavyopishana, na nikamwambia ni ubao wa uani. Akapitisha kidole gumba kwenye waridi la kushoto, polepole, akasimama kwenye petali ya pili ambayo ni fupi kidogo. Hakusema kitu. Ameiweka karibu na dirisha, msahafu juu yake.

Kidole cha 2 kinalia kila inapofunguliwa. Nimempigia mzee simu: nipake nta kwenye vidole vyote, niifungue na kuifunga mara 100, itanyamaza. Nimefika mara 60 baada ya isha. Mama amenichukulia mkononi, anamalizia yeye.